Karatasi ya mafuta ya damu: namna ya kuisoma mwenyewe kabla hujapaniki

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, naangalia, bamdogo. Simu ya muda huo we mwenyewe unajua huwa inaleta habari gani, nimepokea roho iko mkononi, hata shikamoo yangu hakuitikia, kumbe mzee hajalala usiku kucha, jana yake alienda kupima akapewa karatasi ina herufi H pembeni ya kolestro, hakuna aliyemwelezea kitu, kaambiwa tu ampelekee daktari na daktari hayupo mpaka jumatatu. "Mwanangu, hii H ndo nini, maana mi nimeelewa ni hatari." Nikamwambia bamdogo piga picha hiyo karatasi unitumie, afu ulale.

Mi nipo maabara, hizo karatasi ndo kazi yangu, na kila wiki hawakosekani watu wawili watatu wananitumia picha ya majibu WhatsApp na swali ni lile lile la bamdogo. Sa naandika mara moja iishe. Chukua karatasi yako, kalamu, na kikokotoo cha kwenye simu, twende.

Kwanza hiyo H. Inamaanisha namba yako imepita kiwango ambacho mashine imewekewa, basi. L ni iko chini ya kiwango. Mashine haijui una miaka mingapi, haijui unavuta sigara, haijui presha yako, haijui mama yako alikufa na nini. Yenyewe inalinganisha namba na namba. Kwa hiyo kuna watu wana H na wako salama kuliko jirani ambaye mstari wake wa kwanza hauna herufi yoyote, na hapo chini nitakuonyesha hao watu wawili.

Kabla hujasoma namba angalia zimeandikwa kwa kizio gani. Maabara zetu nyingi zinatumia mmol/L ila zingine zinatoa mg/dL, na hapa ndo watu wanazimia bure, mtu mwaka jana alikuwa na 5.4, mwaka huu amepima sehemu nyingine kaona 210, anajua amekwisha. Ni kitu kile kile! Kolestro yoyote (ya jumla, LDL, HDL, nitazielezea hapo chini) ukiikuta kwenye mg/dL gawanya kwa 38.7 unapata mmol/L. Trigliseraidi (mafuta ya aina nyingine kwenye karatasi hiyo hiyo) yenyewe gawanya kwa 88.6, usichanganye, sababu molekuli zake ni tofauti. Mi kuanzia hapa natumia mmol/L.

Cha pili jiulize siku ile ulipima ukiwa kwenye hali gani. Kama ulikuwa na malaria au homa kali au umetoka kufanyiwa operesheni, hiyo karatasi iweke pembeni, mwili ukiwa unapigana na ugonjwa LDL na HDL zinashuka na trigliseraidi inaweza kupanda, subiri upone vizuri ndo urudie. Mjamzito naye mafuta yanapanda yenyewe, ni kawaida. Na kama jana yake ulikuwa kwenye harusi ukapiga pilau la nyama na bia zako nne, trigliseraidi hiyo inasoma harusi haisomi wewe. Zamani tulikuwa tunamlazimisha kila mtu aje na njaa ya masaa 9 mpaka 12, siku hizi wataalamu wengi wanakubali kupima hata kama umekula, ila trigliseraidi ikitoka juu sana, tuseme imepita 4.5, hapo rudia ukiwa hujala. Maji unakunywa, maji hayana shida, kuna watu wanakuja midomo imekauka mishipa haionekani tunawachoma mara tatu.

Haya, mistari yenyewe. Kolestro (wengine wanaita lehemu) ni mafuta, na mafuta na maji hayapatani, damu ni maji, kwa hiyo ini linayafungasha kwenye vifurushi vyenye ganda la protini ndo yasafiri. LDL ni kifurushi kinachopeleka kolestro mwilini, kikizidi kinajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kuganda humo taratibu miaka na miaka, huyo ndo mwenye kesi. Kwa mtu wa kawaida tunapenda iwe chini ya 2.6, ikifika 3.4 anza kubadilika, 4.1 ni juu, na ikifika 4.9 hiyo siyo ya chipsi peke yake, mara nyingi kuna urithi, muone daktari na uwaambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wakapime pia. HDL ni kifurushi cha kurudisha, mwanaume ikiwa chini ya 1.0 na mwanamke chini ya 1.3 siyo dalili nzuri. Ila msiishabikie sana HDL, watu wanasema "kolestro nzuri" kama vile ni mtaji, dawa za kuipandisha zimejaribiwa na hazikupunguza vifo kama watu walivyotegemea. HDL ya chini inakuonya, ya juu haikupi leseni.

Sa chukua kalamu. Toa HDL kwenye kolestro ya jumla. Jibu unalopata linaitwa kolestro isiyo HDL, na maabara nyingi hawakuandikii ingawa ndo namba mi naiamini kuliko zote kwenye hiyo karatasi, sababu imekusanya vifurushi vyote vinavyoweza kuziba mshipa, siyo LDL peke yake. Ikiwa chini ya 3.4 uko vizuri kwa mtu asiye na matatizo mengine. Mwenye kisukari cha muda mrefu au hatari kubwa wanataka iwe chini ya 2.6, na aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi chini zaidi ya hapo.

Bamdogo: jumla 5.9 (hiyo ndo ilikuwa na H), HDL 2.1. Toa, unapata 3.8. Jirani yangu seremala, yeye alinionyesha karatasi yake anacheka, jumla 4.8, hakuna herufi, "mi niko poa mzee, sio kama nyie wala mbogamboga". HDL yake 0.8. Toa, 4.0. Umeona? Asiye na H ana mzigo mkubwa kuliko mwenye H, H ya bamdogo ilipandishwa na HDL yake. Jirani alisoma mstari wa kwanza akakunja karatasi, hakushuka hata mstari wa tatu ambao ulikuwa na trigliseraidi 3.1 na H yake ya halali kabisa.

Na LDL je? Watu wengi hawajui kwamba LDL kwenye karatasi mara nyingi haijapimwa, imekokotolewa, kwa fomula ya Friedewald ya mwaka 1972: jumla toa HDL, toa trigliseraidi iliyogawanywa kwa 2.2 (kwa mg/dL unagawa kwa 5). Bamdogo: 5.9 toa 2.1 toa 0.41 (trigliseraidi yake 0.9 gawa kwa 2.2), inakuja 3.4. Jirani: 4.8 toa 0.8 toa 1.41, inakuja 2.6, yaani LDL yake ukiiangalia peke yake ni ya kupiga picha kuweka status. Ndo mtego wenyewe, trigliseraidi ikiwa juu fomula inaikata LDL inaonekana ndogo, na ikipita 4.5 fomula imekufa kabisa, ukiona karatasi ina trigliseraidi 6 na bado imeandikwa LDL kwa kukokotoa, waulize wameipataje.

Hapa kwenye trigliseraidi nikae kidogo maana ndo palipo na asidi za mafuta zenyewe. Trigliseraidi moja ni asidi tatu za mafuta zimeshikana kwenye glisero kama vidole vitatu kwenye kiganja. Chini ya 1.7 ni sawa, 2.3 kwenda juu ni juu, 5.6 ni juu sana, na ikikaribia 10 tunaogopa kongosho kuvimba kabla hata ya moyo, maumivu makali ya tumbo yanayopiga mpaka mgongoni, hiyo ni hospitali muda huo huo. Nimeshashika damu ya mtu tukaizungusha kwenye mashine, juu ikatoka nyeupe kama maziwa, wanafunzi wa mafunzo wakadhani wamekosea chupa.

Sa mtu anasema mbona mi mafuta sili, nyumbani tunachemsha tu. Sawa, mchana umekula ugali mlima, soda mbili, chai ya jioni vijiko vinne vya sukari, mwisho wa wiki bia. Ini likipewa wanga na sukari kuliko mwili unavyotumia linaugeuza kuwa mafuta, na mafuta linayotengeneza zaidi ni asidi ya palmitiki, ile ile iliyojaa kwenye mawese. Watafiti wakipima asidi za mafuta kwenye damu, palmitiki na ndugu yake palmitoleiki zikiwa juu hawakimbilii kusema huyu anakula mafuta, wanauliza pia kuhusu wanga na pombe. Kwa hiyo trigliseraidi yako ikiwa juu kitu cha kwanza kukata ni soda, sukari na pombe, dumu la mafuta lifuate. Nasema hivi kwa sababu naona watu wanahangaika kuchemsha samaki afu wanashushia na juisi ya boksi.

Kuna jambo moja linatuhusu sisi weusi hasa na karatasi nyingi haziliandiki: watu wenye asili ya Afrika wengi trigliseraidi zetu huwa chini na HDL siyo mbaya hata pale ambapo insulini imeshaanza kukataa kufanya kazi. Yaani unaweza kuwa na 1.1 safi kabisa na kitambi na sukari inapanda. Kwa hiyo ya juu ni mbaya lakini ya chini isikupe usingizi, pima kiuno, pima sukari, pima presha.

Swali la mafuta gani ya kupikia linaulizwa kila siku. Asidi za mafuta zilizoshiba ndo zinazopandisha LDL, nazi imejaa hizo karibu asilimia 90, mawese karibu nusu, samli na mafuta ya nyama pia. Alizeti ya Singida imejaa asidi ya linoleiki, ya kundi la omega 6, ambayo mtandaoni inasingiziwa kila ubaya lakini kwenye tafiti watu wenye linoleiki nyingi kwenye damu ndo wanapata magonjwa ya moyo kidogo. Sisemi Mpwani aache tui la nazi, mi mwenyewe mharagwe bila tui siuelewi, ila tofautisha chakula cha ijumaa na cha kila siku. Kibaya kuliko vyote ni mafuta mgando ya viwandani yaliyogandishwa kwa haidrojeni, yana asidi za transi, hizo zinapandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo mmoja, ndo maana 2018 WHO walianza kampeni ya kuziondoa duniani. Kwenye pakiti ya biskuti au majarini ukikuta maneno ya mafuta yaliyohaidrojenishwa kiasi, rudisha kwenye shelfu.

Na kiasi nacho tunajidanganya. Fanya hesabu hii: dumu la lita 5 linakaa siku ngapi kwenu na mko wangapi? Kama mko watano na linaisha mwezi, lita 5 ni kama gramu 4,600, gawa kwa siku 30 gawa kwa watu 5, kila mtu anakula gramu 31 kwa siku, vijiko vikubwa viwili na kitu, karibu kalori 280, na hapo hujahesabu chipsi na sambusa za nje. Wife alipofanya hii hesabu alinyamaza siku nzima.

Kuna kipimo kingine ambacho maabara zetu nyingi hakipo ila wenye ndugu nje wanakisikia, fahirisi ya omega 3. Wanachukua chembe nyekundu za damu wanapima asilimia ngapi ya asidi za mafuta kwenye ganda lake ni EPA na DHA, zile za samaki. William Harris na Clemens von Schacky ndo walipendekeza hiyo mwaka 2004, 8 kwenda juu ni nzuri, chini ya 4 ni mbaya. Uzuri wake chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kwa hiyo huwezi kuidanganya kwa kula samaki usiku wa kuamkia kipimo, inasoma miezi yako mitatu minne. Usihangaike kutuma damu nje ya nchi kwa ajili ya hiyo, jiulize tu kwa wiki unakula samaki wa mafuta mara ngapi, ikiwa ni chini ya mara mbili jibu la kipimo unaweza kulibahatisha mwenyewe.

Na hili la samaki siyo la Wazungu na Waeskimo tu. 1996 kwenye jarida la Lancet ulitoka utafiti uliofanywa kwetu hapa, unaitwa wa Lugalawa, Ludewa kule, walilinganisha zaidi ya watu elfu moja, kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa wanaokula samaki gramu 300 mpaka 600 kwa siku, na kingine cha milimani jirani wanaokula mboga na nafaka tu, maisha mengine yanafanana. Wa ziwani walikuwa na omega 3 nyingi kwenye damu, presha chini, kolestro chini, trigliseraidi chini, kuliko hata hao wa mboga tupu! Najua kulinganisha vijiji viwili siyo ushahidi wa mwisho, lakini ukiwa Mtanzania ukasoma hiyo afu ukaenda kununua vidonge vya mafuta ya samaki kutoka Marekani, inachekesha.

Samaki gani sasa: vibua, dagaa, jodari, usipa wa Nyasa. Sato ni mtamu lakini omega 3 yake ni kidogo. Na dagaa ukiwakaanga kwenye mafuta ya kuzama mpaka wawe kama bisi, umebadilisha hesabu, umekula mafuta ya dumu yenye harufu ya dagaa. Wapike mchuzi, nyanya, ndimu, kijiko kimoja cha mafuta. Na kama lazima ununue vidonge geuza chupa usome nyuma, mbele wameandika miligramu 1,000 lakini nyuma EPA ni 180 na DHA 120, yaani ya maana ni 300 tu. Vile dozi kubwa vya kutibu trigliseraidi ni dawa ya kuandikiwa na daktari, vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu, usijipangie.

Ukimaliza namba zote ndo uziweke kwenye mtu. WHO walitoa chati za hatari mwaka 2019, kuna ya kanda yetu ya Afrika Mashariki, ni PDF ya bure, unatafuta umri wako (40 mpaka 74), jinsia, kisukari, sigara, presha (ile namba ya juu), kolestro ya jumla, unafika kwenye kiboksi chenye rangi: kijani ni chini ya asilimia 5 kupata shambulio au kiharusi ndani ya miaka 10, njano 5 mpaka 10, machungwa 10 mpaka 20, kuanzia hapo ni nyekundu. Ipo na isiyohitaji damu kabisa, unatumia uzito na urefu. Bamdogo hajawahi kuvuta sigara, presha 128, sukari nzuri. Jirani anavuta pakiti, presha 150 na zaidi, mshipi ameongeza matundu mawili. Nani aende hospitali jumatatu asubuhi?

(Chati hiyo siyo ya mtu ambaye tayari ameshapata shambulio, wala mwenye LDL ya 4.9, hao wanahesabika hatari kubwa moja kwa moja. Na kama kifua kinabana sa hivi unavyosoma, jasho linatoka, mkono au taya inauma, funga simu uende.)

Kwa daktari nenda na maswali mafupi: kolestro yangu isiyo HDL lengo langu ni ngapi, tezi ya shingo na figo vimeangaliwa (maana tezi ikilala LDL inapanda), dawa ninazokunywa zinaweza kupandisha mafuta? Baadhi ya ARV na steroidi zinapandisha, usiziache ila sema. Uliza pia kipimo cha Lp(a) (kifurushi kingine kinachofanana na LDL), kinapimwa mara moja tu maishani maana ni cha kurithi, na sisi huwa tunacho kikubwa kuliko watu wa mabara mengine. Akikuandikia statini kunywa, inalipunguzia ini kutengeneza kolestro na kulifanya livute LDL kutoka kwenye damu, maji ya moto na limao hayafanyi hiyo kazi, limao linayeyusha mafuta ya kwenye sahani. Misuli ikiuma sana mwambie, usiache kimya kimya. Na ukiwa kwenye simvastatini au atorvastatini punguza balungi, linafanya dawa ijae mwilini.

Rudia kipimo baada ya wiki 6 mpaka 12, maabara ile ile ukiweza, muda ule ule wa siku. Na karatasi ya zamani ipige picha iandike tarehe, zile zinazotoka kama risiti wino unafutika, jirani alileta yake ya miaka miwili nyuma tulinganishe ikawa nyeupe tupu, tukaanza upya na hiyo 3.1.